Nilichangia Mafuriko, Nikaletewa Jogoo

Mtu akikukaribisha kwenye bahati nasibu ya kusaidia wenye shida, usimuulize tikiti ni pesa ngapi. Muulize zawadi inakula nini.

Tuna kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa mapambo hapa Kangundo, pamoja na wenzetu wa Tala na wachache waliohamia Joska lakini bado wanajiita watu wa huku. Usiite biashara. Kuku hawa hutaga wakijisikia, na ukishajua bei ya kifaranga, nyama yake haishuki kooni. Tunawafuga ili jirani akichungulia uani aulize, "Na hicho nacho ni nini?"

Basi zikaja mvua za 2024. Maji yakaingia majumbani Athi River na Mlolongo, kaunti yetu hii hii. Usiku wa kuamkia 29 Aprili, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli yakapasua njia yakafagia watu wakiwa wamelala. Shule zikafunguliwa 13 Mei badala ya Aprili. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 200. Mwenyekiti akaandika kwenye kundi: jamani, tuchange, tupeleke Msalaba Mwekundu.

Ungeona mikono ya maombi ilivyomiminika! "Mungu awakumbuke." "Tuko pamoja." Mmoja akaweka mshumaa. Jioni mweka hazina akatangaza salio: shilingi 550, na 500 zilikuwa zake mwenyewe. Hii ndiyo nchi ambayo 2011, wakati wa ukame, iliambiwa hata shilingi kumi inatosha ikachanga mamilioni chini ya kampeni ya Kenyans for Kenya. Sijui wale Wakenya walihamia wapi.

Kesho yake mwenyekiti akatuma picha ya jogoo.

Brahma, wa rangi ya majivu, kilo tano hivi, manyoya hadi kwenye vidole vya miguu. Tikiti shilingi 100, kwa sababu mia M-Pesa haikati ada ya kutuma. Ongeza shilingi moja uone. Akatueleza, bila kuulizwa, kwamba mwaka 1852 Mmarekani mmoja alimtumia Malkia Victoria kuku tisa wa ukoo huu. Watu waliokuwa kimya wakafufuka. Waliokuwa na mikono ya maombi sasa walikuwa na mikono ya kutuma pesa. Mmoja alinunua tikiti kumi na nina hakika alizikopa Fuliza.

Kukawa na wakili, maana hakuna kundi lisilo na wakili. Akatukumbusha kwamba bahati nasibu huombewa kibali, na wakati huo sheria ilikuwa ile Sura ya 131, ya tangu 1966. Tukanyamaza kwa heshima. Halafu mwenyekiti akabadilisha jina, ikawa "Mchango Wenye Shukrani," na wakili akanunua tikiti tatu.

Sasa ile orodha. Unainakili, unaongeza jina lako chini, unaituma tena. Ni rahisi, mpaka watu wawili wainakili kwa wakati mmoja. Namba 23 wakawa wawili. Mzee mmoja akatoweka kabisa, akaandika kwa herufi kubwa, "MIMI NIMELIPA, NIMEENDA WAPI?" Akarudishwa kwenye namba 41, akakataa, akataka 17 yake. Mwenye 17 akasema amekwisha kuizoea. Mabishano hayo yalikula siku nzima, na hakuna aliyemtaja mtu wa Mai Mahiu.

Kura ilipigwa kwa video, mubashara kutoka sebuleni kwa mweka hazina. Karatasi za daftari zilizokunjwa, sufuria, mtoto aliyefungwa macho kwa leso. Mtoto akaingiza mkono, picha ikaganda. Iliporudi, karatasi ilikuwa imeshafunguliwa na jina ni langu. Mimi, ambaye kifuniko cha soda kimeniambia "jaribu tena" tangu ujana! Papo hapo wakaanza: mtandao umegandaje wakati ule ule? Mwenye tikiti kumi akadai uchunguzi.

Pesa zilifika, hilo sitalipinga. Risiti ilibandikwa kundini, na ni nyingi kuliko tulizowahi kuchanga, hata za matanga. Waathiriwa wakasaidiwa. Nikabaki mwathiriwa mimi.

Jogoo huyu hatembei matopeni, na ni mvua. Manyoya ya miguuni yanabeba udongo wote wa Kangundo, kisha anasimama mlangoni kama mheshimiwa anayengoja dereva. Mahindi ya kawaida anayatazama tu. Anataka chakula cha gunia kutoka dukani. Mke wangu, ambaye mama yake alimsimulia njaa ya 1984 akilia, anamtazama jogoo, anatazama gunia, ananitazama mimi. "Baba watoto, mia yako ndiyo imezaa hii?"

Nilipouliza kundini kama naweza kumchinja Krismasi, niliondolewa uadmini. Kumbe kuna masharti: asichinjwe, asiuzwe nje ya kundi, na picha yake itumwe kila Jumapili kabla ya kanisa. Kesho mwenyekiti anakuja kumkagua, na nimeagizwa nimwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu. Jogoo, si mwenyekiti.