Usiku Mwema, Saa Moja Unusu

Nimelelewa kwenye nyumba ya wageni. Si hoteli, ni vyumba vitatu vya shangazi yangu pale Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila Desemba shangazi hufua mashuka na kupaka chokaa ukuta wa mbele (wa nyuma mtalii hauoni), halafu hukaa barazani kusubiri. Ukimuuliza Januari, "Shangazi, wageni wapo?" hajibu ndiyo wala hapana. Husema, "Wanakuja wiki ijayo." Jibu hilo nimelisikia tangu sijaota ndevu, na sasa ndevu zina mvi.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulipoamua kuikimbia theluji ya Toronto na kwenda kupumzika Grenada mwezi wa Februari, ndani ya nyumba yetu mtaalamu wa mambo ya msimu nilikuwa mimi. Nilimweleza kwa kirefu. Visiwa vya Karibea msimu wake wa wageni ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, wakati watu wa kaskazini wanakimbia baridi na tufani za Juni mpaka Novemba ziko mbali. Februari ndiyo kilele. Patakuwa hapatoshi. Meza ya mkahawa niliiagiza mwezi mzima kabla, barua pepe mbili, ya pili ya kuhakikisha ile ya kwanza. Nikanunua taulo mbili za rangi kali za kuwekea nafasi ufukweni, na simu nikaitega iniamshe saa kumi na moja alfajiri.

"Hivi wewe unakwenda kupumzika," mke wangu akaniuliza, "au kugombea maji bombani?"

Asubuhi ya kwanza nilishuka Grand Anse mbio mbio, taulo begani. Grand Anse ndio ufukwe wanaojivunia kule, mchanga mweupe unaosifiwa kuwa na kilomita 3. Nilimkuta mbwa mmoja na mwanamume mmoja mwenye reki, anakusanya mwani. Nikatandika taulo zangu mahali pazuri, nikazikandamiza kwa viatu wasije wakanipokonya, nikakaa ngumu. Ilipofika saa nne watu waliongezeka: mbwa alikuwa amemleta mwenzake.

Mimi si adui wa utulivu. Lakini aliyelelewa na shangazi yule hawezi kuona ufukwe mtupu msimu wa wageni halafu akastarehe. Ni kama kufika ukumbi wa harusi ukakuta viti vimepangwa, maua yamefungwa na mtu hakuna. Mtu wa kwanza unayemshuku ni wewe mwenyewe. Nilitoa simu nikaangalia tarehe, kisha nikaangalia na mwaka.

Usiku ndio tuliharibu kabisa. Saa moja unusu, kama tulivyoagiza, tukaingia mkahawani tumependeza. Meza kama kumi na tano, mishumaa inawaka juu ya kila moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa. Binti wa pale akatujia kwa tabasamu pana, akatuambia kwa Kiingereza chake kitamu, "Usiku mwema!"

Mke wangu ni mtu wa Wete, Pemba, na adabu kwake huja kabla ya njaa. Akajibu, "Na kwako pia, mwanangu, ahsante," akageuka. Nami nikageuka. Tukatoka tunaomba radhi kwa kuchelewa, na yule binti akabaki mlangoni ametukodolea macho. Mkahawa wa pili, watu wawili tu ndani, mwanamume wa mlangoni naye akatuambia vile vile: usiku mwema! Njiani nikamweleza mke wangu nadharia yangu, kwamba hapa watu wanafunga mapema mno, na ndiyo maana pako kimya. Ilikuwa nadharia safi sana. Tukala biskuti za kwenye ndege, tukalala.

Asubuhi mama mwenye nyumba tuliyopanga alisikia habari hiyo, akashika nguzo ya baraza ili acheke vizuri. Huko kwao, jua likizama, "usiku mwema" ni salamu ya kukutana. Ndiyo hodi na karibu yao. Yule binti alikuwa anatukaribisha mezani! Halafu akatuambia kwamba habari ile alikuwa nayo tangu jana usiku, maana binti mwenyewe ni mtoto wa dada yake, na ameshamweleza kila mtu juu ya mtu na mkewe walioagiza meza mwezi mzima, wakaja, wakaaga, wakaondoka.

Grenada ina kilomita za mraba 344, haifiki hata robo ya Unguja. Mahali padogo namna hiyo, habari haina haja ya kupanda gari, lakini yetu ilipanda. Mabasi ya kule ni vipanya kama daladala zetu, utingo anaita watu, na ukitaka kushuka unagonga bati. Tofauti ni kwamba mtu akiingia anawasalimu waliomo wote. Nimeona mwanafunzi anaingia, anaamkia gari zima, na gari zima linaitikia. Mke wangu alifurahi kama amefika Wete. Basi mchana ule, jua la utosini, tukapanda tukasema habari za mchana kwa sauti ya watu waliokwishajifunza. Utingo akatutazama, akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akasema, "Usiku mwema." Gari zima likavunjika mbavu.

Nikaona, kwa kuwa kisiwa ni kitupu na nimeshachekwa, angalau nifaidike. Siku ya tatu nikamwendea mama mwenye nyumba na hesabu zangu. Vyumba vinne, wageni sisi tu. Nikaanza kwa kuzunguka: naona msimu huu umepoa kidogo?

Alikuwa anakunja mashuka. Hakuinua uso. "Wanakuja wiki ijayo," akasema.

Mwili ulinisisimka. Sauti ilikuwa ile ile, na hata namna ya kulipiga shuka kofi la mwisho ilikuwa ile ile. Mtu mwenye moyo angeishia hapo. Mimi niliomba punguzo, na nikapewa, dola 60 za kule, bila neno.

Watu walikuja kweli, Alhamisi. Alfajiri tulikuta mji wa St. George's umeota jengo jeupe refu kuliko majengo yake yote: meli ya watalii. Kufikia saa tatu njia zimejaa kofia. Kuna handaki pale mjini, la Sendall, limechimbwa karne ya 19 na kupita humo ni kwa kubanana, magari na watu pamoja; siku hiyo lilikuwa kama mlango wa Forodhani usiku wa Idi. Nikasema alaa, kumbe! Lakini nikatazama wananunua nini. Sumaku ya kubandika friji. Kofia. Chai wamekunywa melini, chakula cha usiku watakula melini, kitanda kiko melini. Jioni meli ikapiga honi, kofia zikarudi zote, na wauza viungo wakaanza kukunja miavuli yao. Wengine niliokuwa nawatafuta niliwakuta Grand Anse kwenyewe, nyuma ya ua wa maua, wamelala kando ya bwawa hatua chache kutoka baharini, kila mmoja na bangili ya plastiki mkononi. Bangili hiyo tunaijua Nungwi na Kiwengwa. Aliyevaa ameshalipia kila kitu, na hatoki nje ya ua asije akala hasara.

Anayebaki ufukweni, basi, ni kama mimi, na mteja akiwa mmoja wauzaji wote ni wake. Mama mmoja mzee alitujia na kapu: kungumanga, basibasi, mdalasini, mikufu iliyotungwa kwa viungo. Kungumanga kwao limo mpaka kwenye bendera. Kwetu ni kitu cha kutajwa kwa sauti ya chini jikoni siku za harusi. Mke wangu akachukua punje ya karafuu, akaivunja, akainusa, na hapo nikajua leo hatuondoki. Mtu aliyekuwa akichuma karafuu likizo za shule hapiti karafuu bila kuitolea maoni.

Wakakaa chini ya mti nusu saa. Mama yule akasimulia tufani ya Ivan, Septemba 2004, ilivyoilaza mikungumanga. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Na mti ule ukiupanda leo utasubiri miaka mingi kabla ya kuona tunda. Mke wangu naye akatoa tufani yake, ya mwaka 1872, iliyofyeka mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Aliisimulia kama aliyekuwepo, na mimi wa Unguja akinitazama kama niliyekatiwa haki yangu. Mwisho wake mtu wa Pemba akanunua karafuu Grenada, apeleke Toronto, kwenye jiko lenye chupa nzima ya karafuu kutoka kwa mama yake.

"Ulitaka nimwache mtu wa karafuu hivi hivi?" akaniuliza.

Kwa ukosefu wa kazi nilikuwa nimeanza kumsaidia yule bwana wa mwani. Siku ya tano nimeshika reki, mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe wakaja kuniuliza bei ya vitanda viwili. Mwenye vitanda amekwenda kula. Ningeweza kuwaambia mimi ni mgeni, nimelipa nauli kama wao. Badala yake nikawasomea bei ubaoni, nikabeba vitanda, nikafungua mwavuli, nikauliza kama jua linawafikia miguuni. Wakalipa, kisha wakanipa bakshishi ya dola 20, kama dola 7 za Marekani. Nimekimbia upapasi Jambiani nikaja kuufanya Grenada! Mwenye vitanda nilimpa zote. Akanirudishia tano, akasema kesho niwahi.

"Hongera," mke wangu akasema kutoka kivulini. "Kibali cha kazi unacho?"

Siku ya kuondoka nilimpigia shangazi simu kutoka ufukweni. Kwetu ilikuwa jioni.

"Shikamoo shangazi. Wageni wapo?"

"Marahaba. Wanakuja wiki ijayo, inshallah. Na huko uliko?"

Nikatazama. Bwana wa reki, mbwa wawili, bahari. "Wanakuja wiki ijayo."

Kimya kidogo. "Nani kakwambia?"

"Mama mwenye nyumba."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali ghafla. "Sasa nisikilize. Huyo mama mpe pesa yake kamili. Nisisikie umemwomba punguzo."

Nikasema ndiyo shangazi. Punguzo nilikuwa nimeshalipewa siku nyingi, na lote lilikuwa limeshageuka karafuu.