Piano Ibaki Maseno: Mwongozo wa Kupeleka Msimu wa Matamasha Takawiri

Mkuu wa idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Maseno, hongera kwa uamuzi wako. Ule msimu wa matamasha unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwaka wa masomo, wenye kwaya, usiku wa piano na maonyesho ya wanafunzi wanaomaliza shahada, safari hii unaupeleka Takawiri, kisiwa cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay. Kama bado hujaamua, soma tu. Ukifika mwisho utakuwa unatafuta koti la mvua na jaketi la kuokolea maisha.

Tuanze na piano. Iache. Kutoka Maseno utateremka hadi Luanda K'Otieno, uvuke kwa feri mpaka Mbita, kisha upande boti ya injini inayopita Rusinga na kuelekea visiwani. Piano ya kusimama mara nyingi ina zaidi ya kilo 200. Kwenye fukwe nyingi za huku boti husimama majini, na abiria anayeogopa kulowa hubebwa mgongoni na vijana wenye misuli na subira. Vijana hao wataibeba piano yako wakiombwa, maana hawajui kukataa kazi. Usiwaombe. Ukishaifikisha, unyevu wa ziwa utaanza kuivuruga sauti kabla hujapata mtu wa kuirekebisha. Leta fidla, filimbi, tarumbeta na sauti za binadamu, na usafiri asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaliamsha ziwa.

Sasa chukua kalenda ya chuo uikunje vizuri, uiweke ndani ya droo. Takawiri msimu hupangwa na mwezi wa angani. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huelea na taa juu ya maji, samaki hukusanyika kwenye mwanga, nao wavu huwafunga. Mwezi ukipevuka taa hazina nguvu tena, boti hupumzika, na wanaume ambao kwa wiki nzima wamekuwa wakilala mchana wanarudi kuwa watu wa usiku walio nchi kavu. Hao ndio hadhira yako. Wana muda, wana fedha za giza lililopita, na wana usingizi wa kutosha kukesha. Ukipanga tamasha usiku wa giza kwa sababu ndiyo Ijumaa iliyokuwa wazi kwenye ratiba ya chuo, utawaimbia watoto na mbuzi, huku taa za wasikilizaji wako zikimeta kule mbali majini.

Kuna pia miezi ya kufungwa. Kuanzia Aprili hadi Julai serikali ya Kenya husimamisha uvuvi wa omena ili samaki wazaliane. Watu wapo kisiwani, lakini mifuko ni mikavu, na muziki wa huku hauendi bila mfuko, kama nitakavyoeleza. Panga matamasha kati ya Agosti na Machi, kila mwezi mpevu mara moja, na umepata msimu.

Ukumbi utautafuta mwenyewe. Mchanga wa Takawiri ni mweupe, na wageni wengi huvuka kwa ajili ya mchanga huo tu. Wewe uangalie kilicho juu yake. Palipotandazwa nyavu za kuanikia omena ni mahali pa kazi ya akina mama, na hakuna jukwaa linalowekwa hapo mpaka omena waondolewe. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, nenda kwa chifu, kisha nenda kwa akina mama wenyewe, maana hao wawili wa kwanza watakuruhusu jambo ambalo si lao kuruhusu. Na wingu jeusi likijitokeza katikati ya wimbo, simamisha wimbo. Kila mtu atakimbia kuokoa omena, na kwaya yako ikimbie pia. Wanaimba kwa mapafu. Mikono iko huru.

Kalenda na ukumbi vikishapatikana, tunafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kikundi cha kudumu. Shule kubwa za muziki duniani huwa na kikundi kinachoishi chuoni: kinafundisha, kinapiga matamasha ya msimu, kinalipwa mshahara. Takács Quartet, watu wa nyuzi walioanzia Budapest mwaka 1975, wamekuwa kwenye Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder tangu miaka ya 1980. Mwanafunzi anakutana nao kwenye korido, anawasikia wakibishana juu ya noti moja, na hapo anajifunza kitu kisichoandikwa kwenye kitabu. Mpango mzuri sana. Uchukue ulivyo, ila wakazi wako wawe wapiga nyatiti, kinubi cha Waluo, pamoja na orutu na ngoma za ohangla.

Mtazame jathum, yaani mpiga nyatiti, akijiandaa, na usogee karibu. Anaketi kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi, nyatiti imelazwa mbele yake. Nyuzi ni nane, na siku hizi ni uzi wa nailoni, uleule wa kuvulia samaki; ukikatika, duka la zana za uvuvi liko karibu kuliko duka lolote la muziki nchini. Kwenye kifundo cha mguu wa kulia anafunga gara, kengele za chuma. Kwenye kidole gumba cha mguu huohuo anavaa pete nzito, oduong'o, ya kugongea ubavu wa ala. Kisha anaanza: vidole vinadonoa, pete inagonga, kengele zinaitikia, na mdomo unasimulia ukoo wa mtu aliyeketi safu ya tatu. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima na ya mwanahistoria. Ukishamwona hivyo, utaelewa kwa nini gitaa la muziki wa benga linatembea kwa mwendo ule. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na wenzake waliuhamishia kwenye gitaa la umeme udonoaji wa nyatiti, na kanda nzima ya ziwa ikacheza.

Utaambiwa na ofisi ya wafanyakazi kwamba huyu bwana hawezi kuajiriwa, kwa kuwa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zinamtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Usibishane nao kwa hasira. Wakumbushe kwamba Washington Omondi, mmoja wa wanamuziki waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980, na mada ilikuwa thum, muziki huuhuu wa nyatiti. Kama nyatiti inatosha kumpa mtu udaktari London, basi anayeipiga anatosha kupewa chumba Maseno. Waombe wafungue cheo cha msanii mkazi, chenye mkataba, bima ya afya na mshahara wa kila mwezi usiopungua wa mhadhiri msaidizi. Mwalimu wa fidla akilalamika, mwalike Takawiri mwezi ukipevuka.

Katika kuchagua wakazi, usiwasahau wasichana. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kuipiga nyatiti. Kisha akaja Eriko Mukoyama kutoka Japani, akajifunza kijijini Siaya kwa mzee Okumu K'Orengo, na leo anajulikana kwa jina la Anyango. Mlango ukishafunguliwa kwa mgeni wa mbali, ni haki uwe wazi kwa mtoto wa Takawiri. Nafasi mbili kati ya nne za kwanza ziwe zao.

Lugha nayo ina nafasi yake kwenye programu. Takawiri ni nchi ya Abasuba, ingawa wengi wao sasa huongea Dholuo, na Olusuba, lugha yao ya asili, inasikika zaidi vinywani mwa wazee. Usiku mmoja wa msimu uwe wa nyimbo za Olusuba peke yake. Jirani hapo Mfangano kuna jumba la makumbusho ya Abasuba, na pia ilianzishwa redio ya vijana kwa lugha hiyo, Ekialo Kiona. Waite watu wake warekodi. Na Desemba, Rusinga inapofanya tamasha lake la utamaduni wa Abasuba, wewe usishindane nalo. Peleka wanafunzi wako wakasikilize.

Sasa adabu za ukumbini, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu wanafunzi wako wamefunzwa vingine. Chuoni msikilizaji hukaa kimya, hapigi makofi mpaka kipande kiishe, na anayekohoa hutazamwa. Takawiri msikilizaji akipendezwa huenda mbele, hutoa pesa, na muziki husimama kwa ajili yake. Hiyo ndiyo pakruok. Mtu huyo atajisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, rafiki yake aliyeketi pale ana sifa gani, na boti yake ilivuta nini juzi. Akimaliza, muziki unashika palepale ulipoachia, na jathum anayasuka majina hayo ndani ya wimbo. Mwingine hunyanyuka kumjibu. Wimbo wa dakika tano unafika saa nzima, na hakuna aliyechoka.

Mwalimu aliyelelewa kwenye kumbi za kimya ataona wimbo umeharibiwa. Naomba aketi mpaka pakruok ya tatu. Ataona kwamba kila anayekatiza anaongeza kitu ndani ya wimbo, na kwamba mpigaji anasikiliza kwa bidii kuliko hadhira. Kwa hiyo ifanye kuwa mtihani. Mwanafunzi wa fidla wa mwaka wa tatu asimamishwe katikati ya wimbo, apewe majina matatu ya watu na jina la mto mmoja, na kabla noti ya pesa aliyopewa haijaingia mfukoni awe amerudi kwenye mdundo akiwa na majina yote. Tasnifu ya kurasa 60 inaweza kuandikwa usiku mmoja kwa kahawa. Hili haliwezi kubuniwa usiku mmoja, na mtahini ni kisiwa kizima.

Wanafunzi wapige vya kwao pia, tena bila woga. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika muziki wenye mwendo wa Kiganda kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo, Kronos Quartet wakaurekodi kwenye albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Vipande vya namna hiyo vitaeleweka Takawiri haraka kuliko chuoni. Na orutu, yenye waya mmoja na upinde, ikikaa kando ya fidla, waache wapigaji wawili hao bila mwalimu. Watapatana.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu ndipo mipango mizuri huzama. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha taarab, udi, kanuni na ngoma tangu mwaka 2002, na wanafunzi wake wanajaza majukwaa ya mji mzima. Bado mwaka 2019 ilikaribia kufunga milango wafadhili walipoondoka. Usijenge msimu wako juu ya mfadhili mmoja. Gawa hivi: chuo kilipe mishahara, kaunti ilipe usafiri, na hela ya pakruok ibaki kwa mpigaji, yote, bila makato ya idara. Akina mama watakaopika wasilipwe kwa shukrani za kwenye maikrofoni. Nunua omena wao kwa bei ya soko, lisha kwaya, na ulipe mapishi kando.

Na malipo ya jathum yatolewe usiku uleule, mkononi au kwa M-Pesa, kabla boti haijang'oa nanga. Asiambiwe habari ya fomu.

Tamasha la kufunga msimu lifanyike Maseno. Takawiri imekukaribisha mara nane. Sasa ni zamu yako. Lipa boti, feri na basi kwa wavuvi, akina mama wa omena, mwenyekiti wa BMU na watoto wanaotaka kuona piano, maana ndipo ilipobaki. Waketi viti vya mbele, vile ambavyo kwa kawaida huwekewa karatasi za wageni waalikwa. Wakazi wapande jukwaani, vigoda vyao vifupi katikati ya taa. Itakapofika pakruok ya kwanza ukumbi wa chuo utasita, kwa sababu watu wamezoea kukaa kimya humo. Mtu wa kwanza kwenda mbele awe naibu mkuu wa chuo. Mjulishe wiki moja kabla, ajue jina la babu yake na sifa za rafiki yake mmoja, na aje na noti ndogondogo, kwa sababu hatasimama mara moja tu.