Matairi Yaliyochelewa Vita

Fedheha iliyonifika Jumamosi hii, katika maonyesho ya magari ya vita huku Kent, bado i mbichi. Lori langu la GMC CCKW, la mwaka 1943, lenye matairi kumi na rangi ya kijani iliyofifia kama ilivyoamriwa na jeshi la Marekani, lilikwisha kuingia safu ya gwaride, watoto wakilipungia mikono kutoka mabegani mwa baba zao, pale alipojitokeza mzee wa kamati, kofia ya chuma kichwani na miwani puani, akachutama, akalipapasa tairi la mbele ubavuni kwa kidole cha shahada mfano wa kadhi anayesoma wasia wenye shaka, kisha akainuka na kunifahamisha, kwa adabu isiyo na huruma, kwamba tairi hili ni radiali, kwamba Michelin walichukua hataza ya radiali mwaka 1946, na kwamba vita, kwa masikitiko yake, vilikwisha mwaka 1945. Nikaelekezwa nyuma ya mahema, baina ya gari la aiskrimu na vyoo vya kukodi.

Mke wangu, aliyekuja na birika la chai ili anione nikipita kwa taadhima, alinitafuta hata akachoka. “Baba Salma,” akasema aliponiona, “hawa wa vyooni ni jeshi gani?”

Laiti mzee yule angalikuwa mjinga, ningalipata pa kutolea ghaidhi yangu. Bali alisema kweli tupu. Tairi la vita halina budi kuwa na tabaka za nguo zilizolazwa mshazari, hii ikiikatiza ile, ilhali nyuzi za radiali hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa sababu hiyo ubavu wake hubenuka chini kwa uzito, na kubenuka huko ndiko kulikonifichua. Fauka ya hayo, meno ya tairi la jeshi ni mapande manene yaliyolala kuukatiza upana wake, ya ubavu huu yakipishana na ya ubavu wa pili, pasiwe na hata moja linaloelekea mbele wala nyuma, si kama ya trekta ambayo yote huelekea upande mmoja. Hivyo lori likienda mbele au likirudi kinyumenyume matopeni, hushika sawasawa, na adui akiikuta alama yake njiani, haina la kumwambia kama wenyewe wamekuja au wamekwenda. Ni akili ya ajabu, nami naweza kuyatazama meno hayo mchana kutwa, japokuwa juu ya lami iliyoroa huteleza vibaya mno.

Matairi ya asili yaliyosalia yamepasukapasuka, kwa hiyo yapo makampuni yanayotoa mapya kwa sura ya zamani. Lakini kalibu ya tairi ni ghali, wala mwenye kiwanda haiwashii moto kwa ajili ya mteja mmoja. Hungoja maagizo yajae, nawe hungoja naye. Muuzaji wangu, aliyeandikiwa waziwazi kipimo cha 7.50-20 na namna ya meno, alichoka kungoja kabla yangu, akaniletea alichokuwa nacho, siku ya maonyesho ikibisha hodi.

Nilimwuliza mzee yule mpira wa vita ulitoka wapi. “Ohio,” akajibu bila kusita. Hapo kicheko kikanikauka. Singapore ilipoanguka Februari 1942, na mashamba ya Malaya yakawa mikononi mwa Wajapani, Marekani ilikimbilia mpira wa kuundwa viwandani, na Waingereza wakayageukia mashamba ya Tanganyika waliyoyapanda Wajerumani, yaliyotelekezwa tangu bei ilipoporomoka mwaka 1913. Watu walichukuliwa kwa nguvu ya sheria kwenda mashambani humo kugema. Kamati ina kanuni ya rangi, kanuni ya herufi za ubavuni, hata kanuni ya vichwa vya boliti. Mgemaji hayumo katika kanuni yoyote, wala hajatengewa nafasi hata nyuma ya mahema. Jambo hili linaniudhi kuliko vyoo.

Mengine si ya kusimuliwa kwa urefu. Tyubu zilikuja na vali fupi zisizofika nje ya ringi. Fundi wa kijijini, alipoiona pete ya kufungia tairi, ambayo ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu ya kuua, alikumbuka ghafla kuwa ana harusi. Na jana muuzaji amenijibu: ataniletea matairi ya haki pindi maagizo yatakapojaa, na haya ya radiali yuko radhi kuyapokea, nauli juu yangu, kwa sharti moja tu, kwamba yawe hayajagusa ardhi.