Mkamate Mamba Kabla Hujalipa

Mdogo wangu alidunduliza miezi mitatu akanunua raba za Sh120,000 Kariakoo. Kwenye send-off ya dada yetu, muziki ulipokolea, soli ya kulia ilifunguka kama mdomo wa samaki. Alicheza pekupeku hadi mwisho, lakini fedha ile ilikuwa ya jasho, na iliniuma. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako unayetoka Jumamosi hii kwenda kutafuta nguo ya jina.

Kwanza, tega sikio. Muuzaji akisema, "Bosi, hii OG, gredi ya kwanza kabisa," jua ameshakiri. Bidhaa halisi haina gredi. Kopi ndizo zinazopangwa madaraja: ya kwanza, ya pili, na ile inayochuja ukiitazama kwa hasira.

Pili, soma jina herufi moja moja na uhesabu alama, usione haya. Adidas ina mistari mitatu. Ukikuta minne, mmoja umedandia njiani. Hesabu hapohapo dukani, wala usiharakishwe na wanaokusukuma nyuma.

Tatu, mkamate mamba. Mamba wa Lacoste alianza kupanda kifuani mwa fulana mwaka 1933, akitokana na jina la utani la mcheza tenisi René Lacoste. Kwenye fulana halisi ya kola ya kawaida, mamba hudariziwa kwenye kipande chake, kisha hushonewa kifuani kwa uzi usioonekana kirahisi. Meno yake yanaonekana, na makucha pia. Sasa geuza fulana ndani nje. Ukikuta nyuzi zimening'inia na karatasi ngumu imegandishwa nyuma ya mnyama mwenyewe, huyo ni mjusi aliyevimbiwa, mrudishe kwao. Kisha gusisha kifungo shavuni: vifungo vya fulana ile ni vya gamba la chaza, vina matundu mawili na ubaridi ambao plastiki haina.

Nne, mkoba usikutie kiwewe. Louis Vuitton alifungua duka lake Paris mwaka 1854. Mwaka 1896 mwanawe, Georges, alibuni turubai ya maua na herufi LV ili kuwashinda waigaji. Leo turubai hiyohiyo ni miongoni mwa zinazoigwa zaidi duniani! Kwa hiyo maua peke yake hayathibitishi kitu. Na usimhukumu mtu ovyo: mkoba wa Speedy hukatwa kwenye kipande kimoja cha turubai kinachopita chini ya kitako, hivyo upande wa pili herufi LV husimama kichwa chini, miguu juu. Wengi huuita feki kwa sababu hiyo, kumbe ndivyo ulivyozaliwa. La msingi ni hili: kampuni hiyo huuza mikoba mipya kwenye maduka yake yenyewe, na haina msimu wa punguzo. Mpya wa Sh80,000 juu ya meza ya barabarani umeshajijibu wenyewe.

Tano, tumia pua na kidole. Raba inayonuka gundi kali huenda imeunganishwa juzi kwa haraka. Linganisha namba ya modeli iliyo kwenye lebo ndani ya kiatu na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, kiatu na boksi vimekutana dukani. Kwa nguo au mkoba, fungua zipu na kuifunga mara tano. Ikikwama mbele ya muuzaji, nyumbani itakatika.

Sita, usidharau mtumba. Pale Karume, Ilala, au Gikomba kule Nairobi, shati la jina linaweza kuwa halisi kweli, na limeshafuliwa mara nyingi bila kuchuja, mtihani ambao feki nyingi hufeli. Lakini Ulaya nako watu hununua feki, na balo halichagui. Geuza ndani nje hata huko.

Saba, dai risiti ya mashine ya EFD, na bidhaa iandikwe jina. Anayejua anauza feki huanza kutafuta mashine iliyoharibika. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayofuatilia bidhaa bandia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2008. Malalamiko yasiyo na risiti hayafiki mbali.

Ukipita hatua zote saba na bei ya kitu halisi bado iko juu ya uwezo wako, hilo halina aibu. Rahisi huvunja upishi, na deni la kujionyesha huvunja nyumba. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako na kitambaa kizuri. Hana mamba, lakini anakupima mwenyewe, na mshono ukifumuka unajua mlango wa kugonga.