Sifa za Akina Up na Off

Dhahabu ina wasifiaji wake, pamba ina wake, na ng'ombe wa Usukuma wana nyimbo zao. Sijasikia mtu akiwasifu akina up, off, out na in, vile vijineno vya Kiingereza vinavyojibandika nyuma ya kitenzi mpaka kitenzi chenyewe hakijijui tena. Naomba nilibebe jukumu hilo mimi, na nilibebee hapahapa Runzewe, wilayani Bukombe.

Sifa ya kwanza ni usawa. Mtoto wa Runzewe nyumbani huongea Kisumbwa au Kisukuma, shule ya msingi husoma kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza hukuta baiolojia na jiografia zimeshahamia kwenye Kiingereza. Anajipa moyo: give ni kutoa, basi. Kesho yake give up ni kukata tamaa, give in ni kusalimu amri, na give out ni kugawa, au kuishiwa nguvu. Hudhani ameonewa kwa sababu katoka mbali. Hajaonewa. Samuel Johnson, mtunzi wa ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwenye utangulizi wake kwamba hapo ndipo mgeni hupata tabu kupita pote. Hata jina phrasal verbs lilisubiri hadi 1925, Logan Pearsall Smith alipolieneza kwa kitabu chake. Wenye lugha wenyewe walikuwa hawajakubaliana wayaiteje madudu haya. Mwanafunzi wa Bukombe na profesa wa Tokyo wanatokwa jasho lilelile. Usawa gani mwingine mnautaka?

Sifa ya pili ni usalama kazini. Chukua go off. "The lights went off": taa za duarani, ndani ya shimo la dhahabu, zimezimika. "The alarm went off": king'ora kimeanza kulia. "The dynamite went off": baruti imelipuka. Off hiyohiyo inazima, inaliza na inalipua. Mchimbaji akiandikiwa ujumbe "It went off" bila kuambiwa ni kitu gani, ana haki ya kubaki juu ya ardhi mpaka apate maelezo kamili. Somo la tahadhari, na halina semina wala posho.

Sifa ya tatu ni kumjali mdogo. Ukisema "Turn off the generator" ni sawa, na "Turn the generator off" ni sawa. Ila jenereta ikishageuka kuwa it, hairuhusiwi kukaa nyuma: "Turn it off", kamwe si "turn off it". Hako kadogo lazima kapakiwe mshikaki, katikati, kama mtoto kati ya dereva wa bodaboda na mama yake. Halafu look after inakataa mshikaki: "Look after it", basi. Ukiuliza kwa nini, mwalimu atakujibu kwamba ndivyo ilivyo, jibu ambalo mzazi yeyote analifahamu.

Sifa ya nne ni kuwashusha wakubwa. Sisi tuliookota Kiingereza vitabuni tunapenda maneno yaliyovaa suti: postpone, tolerate, extinguish. Mwingereza muuza samaki anasema "They've put off the meeting", anasema "I can't put up with the noise", na nyumba ikiwaka anasema "Put out the fire". Put, herufi tatu tu, imemaliza kazi ya waheshimiwa watatu. Ndiyo maana msomi wetu huandika barua isiyo na doa, lakini akiagiza chai London husikika kama waraka wa serikali.

Wapo watakaosema lugha nyoofu haina vituko hivi. Wenzangu, sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi na tunapiga chafya, na hakuna anayeumia. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye ana usiku wake wa kukesha.

Na ugomvi wenyewe ni wa darasani tu. Simama kando ya barabara kuu malori ya Rwanda na Burundi yakipita. Lori likikwama, watu huita bredauni ije ilivute. Mahindi yanapakiwa kwenye pikapu, saluni bibi harusi anawekwa mekapu, na nyuma ya nyumba kijana anahesabu pushapu. Wote hao wametumia mali ya break down, pick up, make up na push up, na hakuna aliyeomba ruhusa ya mwalimu. Vijineno hivi viliingia kwa mlango wa kazi, na mlango huo ungali wazi: acha kukariri orodha, shika sentensi nzima, ikiwa na jenereta inayozimwa, mtoto anayetunzwa na kikao kilichosogezwa mbele.

Mwenye kinyongo bado, akachukue fomu ya kuomba kazi mgodini. Mwingereza atamwambia "Fill it in", Mmarekani atamwambia "Fill it out". Mmoja anampeleka ndani, mwingine anamtoa nje. Ajaze tu. Fomu ni ileile, na foleni nyuma yake ni ndefu.