Heshima kwa S ya Mkiani

Katika mizigo yote tuliyopokea pamoja na kimombo, hakuna mdogo uliotutoa jasho kama ile S inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo, pale mtenda anapokuwa mmoja, naye si mimi wala wewe. "I go, you go, we go, they go": wote wanakwenda zao salama. Akitokea yeye peke yake, kitenzi kinasimamishwa getini, kinadaiwa mkia: "he goes". Kwa nini yeye tu, amekosa nini? Ubaoni jibu hilo halijawahi kuandikwa. Wengi wameilaani herufi hii kimyakimya huku wakifuta kwa raba. Mimi nasimama kuisifu.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba haifanyi kazi yoyote. Si tusi hilo. Kukaa mahali karne nyingi bila kazi na bado ukaogopwa ni kipaji. Tazama kiambishi chetu a-, kibarua wa kweli. Ukisema "anapika", mpishi umeshamtaja. Ing'oe ile a, ibaki "napika", na sufuria imehamia jikoni kwangu. Kiingereza hakiruhusu kitenzi kutembea bila mwenyewe; lazima utangulize "she" au "Mother". S inapowasili huko nyuma ikihema, habari imeshatangazwa. "Mother cook rice": wali umeiva, na hakuna aliye mkekani anayeuliza nani kapika.

Na ina nasaba, tena ndefu. Zamani vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na mikia mingi. Nafsi ya pili, "thou", ilikuwa na -st yake. "Thou" ilipotoweka kwenye usemi wa kawaida, ikaondoka na mkia wake. Nafsi ya tatu, huko kusini mwa Uingereza, ilivaa -eth. S yetu ni mtu wa kaskazini: katika karne ya 10 tayari inaonekana kwenye tafsiri iliyoandikwa katikati ya mistari ya Injili za Lindisfarne, kisha ikateremka taratibu kuelekea London. Biblia ya Mfalme James ya 1611 haikuitaka, ikashikilia -eth. Shakespeare, aliyekuwa hai siku hizohizo, alizitumia zote mbili. (Mwalimu Nyerere alipomtafsiri, na Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, hakusumbuliwa na yoyote kati ya hizo.) Kwa maneno mengine, hiki tunachokitetemekea kama adabu ya ikulu kilianza kama lafudhi ya mikoani.

Ucheshi wake nao si haba. Mtoto wa kidato cha kwanza, aliyetoka juzi tu shule ya msingi alikosoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, anafundishwa kwamba S ni alama ya wingi: "boy" mmoja, "boys" wengi. Anafurahi, anaandika daftarini. Somo linalofuata anaambiwa S ni alama ya umoja: "the boy runs", lakini "the boys run". Ikikaa kwenye nomino inaongeza watu. Ikihamia kwenye kitenzi inawapunguza. Akishalimeza hilo, linakuja swali, na S inaruka kutoka kwenye kitenzi chake na kudandia "do": "Does she cook?" Mtoto mwangalifu, asiyetaka kudhulumu upande wowote, anaandika "Does she cooks?" na kalamu nyekundu inamshukuru kwa ukarimu wake. Mbele ya "can" S haionekani kabisa. Halafu jaribu kuitamka katika "asks". Ulimi uliolelewa kwenye silabi zinazoishia irabu unatafuta mahali pa kupumzika, unatoa "asikisi", na darasa zima linaangua kicheko, likiwamo lile dawati linalosema "asiki".

Lakini utukufu wake hasa uko kwenye ajira. Ni nani mwingine anayelisha watu wengi hivi: walimu wa masomo ya ziada, wachapaji wa vitabu vya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, wasimamizi wa usaili? Wapo mabosi ambao ukiwanyang'anya uwezo wa kudaka S iliyodondoka kikaoni, hawabaki na elimu nyingine ya kuonyesha. Na yule mtoto, kwenye mtihani wa biolojia, ambao sasa ni wa Kiingereza, ameandika "the heart pump blood". Moyo ameujua, damu ameijua, kazi ameijua. Kapewa duara jekundu. Kifuani mwake moyo uliendelea kusukuma damu bila S, kwa utovu wa nidhamu.

Maadui inao, tena wasomi. Stephen Krashen aliiweka miongoni mwa vipashio ambavyo wanaojifunza Kiingereza huvimudu mwisho kabisa, hata vikifundishwa mapema namna gani. Peter Trudgill alichunguza usemi wa Norwich, mji wa Uingereza alikozaliwa, akakuta wenyeji wengi, hasa wafanyakazi wa kawaida, wakiidondosha bila haya, na hakuna anayewauliza cheti cha Kiingereza. Naye Barbara Seidlhofer, akichunguza mazungumzo ya watu wanaokutana kwa Kiingereza bila kuzaliwa nacho, ameona kwamba ikikosekana kwa kawaida haivurugi maelewano.

Napinga kwa nguvu zote. Hawa wataalamu hawafikirii matokeo. Tukiiachia S iende zake, siku ya mtihani wa biolojia tutalazimika kumpima yule mtoto biolojia.