Waya wa Choki na Heshima ya Mtu Mzima

Thamani ya choki huwezi kuijua Tanga mjini, ambako Vespa kuukuu huwaka kwa kiki moja hata mwenye nayo akiwa bado anapiga mswaki. Nenda Lushoto mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia kabichi. Huko mtu mzima aliyechomekea shati vizuri hupiga kiki mpaka jasho limtoke kwenye baridi, kina mama wanaokwenda sokoni wakimpa pole, vijana wakimpa ushauri. Mmoja atasema ni plagi, wa pili atasema petroli ina maji, wa tatu atamwambia auze. Hakuna atakayetaja waya wa choki uliokatika, maana ni mwembamba, umejificha, na haupigi kelele. Nami nasema, kwenye milima ya Usambara waya huo utengenezwe kwanza, kabla ya honi, kabla ya taa za urembo, na kabla ya ile redio.

Sababu yake haina uchawi. Kinachoungua ndani ya injini ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na injini ikiwa baridi ni petroli kidogo tu inayogeuka mvuke. Dawa ni kuiongeza. Kwenye Vespa PX, ukivuta kitufe cha choki, waya hunyanyua kijipistoni ndani ya kabureta na kufungua njia ya ziada ya petroli. Njia hiyo hunyonya vizuri mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Kwa hiyo yule anayepiga kiki huku akivuta mafuta kwa hasira anajifungia mwenyewe mlango anaougonga.

Wabishi wapo, na baadhi yao wamesoma. Watasema Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo mchanganyiko tayari una petroli ya kutosha. Ni kweli, lakini ni kweli ya saa sita mchana, injini ikiwa moto. Alfajiri petroli hiyo inayosifiwa imetulia kwenye kuta za silinda kama mgeni asiyeaga. Wengine watasema mlimani kuna mteremko: iache iserereke, tia gia ya pili, achia klachi. Mteremko huzungusha injini, sawa, ila hauongezi petroli. Isitoshe, mji wa Lushoto uko bondeni. Ukishafika sokoni umekwisha fika chini, na mteremko wote umebaki nyuma yako, ukitazama juu. Mtu anayetegemea mteremko huchagua msikiti, kanisa na hata wakwe kwa kuangalia mwinuko wa kiwanja. Wapo pia wa kuziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Hiyo inafanya kazi kweli, ila kila asubuhi itakubidi uvue shavu la kulia la Vespa, ufungue boksi la hewa, kisha uende ofisini unanuka petroli ukisalimiana na watu kwa mkono.

Na matengenezo yenyewe si ya kuagizia Dar es Salaam. Waya wa ndani wa breki ya baiskeli unatosha: ukate kwa kipimo cha ule wa zamani, upake grisi, uupitishe kwenye ganda lake bila kona kali. Upande wa kabureta ushike kwa kile kipande cha shaba chenye skrubu kinachotolewa ndani ya konekta ya umeme. Sharti ni moja: acha ulegevu wa milimita mbili hivi. Ukiukaza kama kamba ya mbuzi, choki itabaki wazi kidogo siku nzima, na hapo ule wepesi wa hewa uliotajwa na wasomi utageuka kuwa adui: plagi itakuwa nyeusi tii, na moshi utakufuata kutoka Soni hadi Magamba. Waya uliokatika hukuaibisha asubuhi tu. Uliokazwa vibaya hukuaibisha njia nzima. Anayebisha bado, aje abishe Magamba alfajiri ya Julai, na mguu wake wa kulia uwe tayari.